Valentia ya Ireland: majibu kwa waliouliza

Tangu tukitaje kisiwa cha Valentia, kilichoko jimbo la Kerry kusini-magharibi mwa Ireland, maswali hayajakauka. Tunajibu yale yaliyojirudia zaidi.

Nina pasipoti ya Kenya na viza ya Schengen. Inatosha kuingia Ireland? (Msomaji, Brussels)

Haitoshi. Ireland imo katika Umoja wa Ulaya na inatumia yuro, lakini haimo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kwa kawaida Mkenya au Mtanzania anahitaji viza ya Ireland yenyewe, na ya Uingereza nayo haitamsaidia. Omba mapema.

Kutoka Dublin nafikaje kisiwani? (Msomaji, Nairobi)

Panda treni hadi Killarney, kisha ukodi gari. Mabasi ya upande ule ni machache na yatakupangia ratiba. Habari njema ni kwamba Ireland nayo huendesha kushoto. Mbaya ni kwamba barabara za Kerry ni nyembamba, na mabasi ya watalii hayana haya.

Kisiwa kina njia mbili za kuingilia: daraja la Portmagee, na pantoni ya magari ya Reenard Point inayokushusha Knightstown kwa dakika tano hivi. Pantoni hufanya kazi msimu wa watalii tu. Ukiikuta, ingia kwayo utokee darajani, upate kukiona kisiwa kizima bila kurudia njia.

Nimeambiwa waya wa kwanza wa telegrafu (simu za maandishi) kuvuka Atlantiki ulianzia hapo. Kuna cha kuona, au ni kibao tu ukutani? (Msomaji, Unguja)

Kipo, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kwenda. Kabla ya waya, habari kati ya Ulaya na Amerika ilisafiri kwa meli, siku kumi na zaidi. Valentia ilichaguliwa kwa sababu iko ukingoni mwa Ulaya, ikiitazama Newfoundland, kisiwa cha Kanada ya leo. Waya wa 1857 ulikatika baharini. Wa Agosti 1858 ulifika, Malkia Victoria akampelekea Rais Buchanan wa Marekani salamu za maneno 98, na zilichukua saa 16 kupita! Wiki tatu hivi baadaye waya ukafa, baada ya fundi wake wa umeme, Wildman Whitehouse, kuutwisha umeme mkali kuliko uwezo wake.

Mwaka 1865 meli ya Great Eastern, kubwa kuliko zote za wakati ule, ilipotezea waya mwingine katikati ya bahari. Mwaka uliofuata ilirudi, ikafikisha waya mpya Heart's Content, Newfoundland, tarehe 27 Julai. Kisha ikaenda kuuvua ule uliozama, ikauunga na kuumalizia. Hapo ndipo mabara yakawa na njia mbili zinazofanya kazi.

Kituo cha Valentia kilifungwa mwaka 1966. Jengo lake bado lipo Knightstown na lina maonyesho ya kueleweka hata kwa asiyejua umeme. Nanyi Unguja mlipata waya wenu kutoka Aden mwaka 1879, miaka 13 tu baada ya ule wa Great Eastern, kwa hiyo historia hii si ya wageni kabisa.

Ni kweli kuna nyayo za kale kuliko za Laetoli, hapa kwetu Tanzania? (Msomaji, Arusha)

Za kale mno, ila si za binadamu. Laetoli ni miaka milioni 3.6, za Valentia ni kama milioni 385. Ni za mnyama wa miguu minne aliyepita kwenye tope, enzi ambazo wanyama wenye uti wa mgongo walianza kutembea nje ya maji. Aliyezigundua mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa mwanafunzi wa jiolojia kutoka Uswisi. Usitarajie unyayo wenye vidole: utaona safu za vishimo mwambani. Nenda jua likiwa chini, vivuli vivionyeshe.

Nataka kumpeleka mama Skellig Michael, kile kisiwa cha mwamba chenye makao ya watawa wa kale. Ana miaka 70 na goti linamsumbua. (Msomaji, Muscat)

Mpe pole, na usimpandishe. Ni ngazi za mawe zaidi ya 600, hazina vishikio, na watawa waliozijenga zama za kale hawakuwafikiria wazee. Hata kijana mzima anaweza kukaa Portmagee, zinakotoka boti, siku tatu akisubiri bahari itulie. Nafasi za kushuka ni chache, na msimu ni takriban katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba.

Kuna boti zinazozunguka mwamba bila kushusha mtu, kama mama hasumbuliwi na mawimbi. Akisumbuliwa, mpeleke kituo cha Skellig Experience, karibu na daraja upande wa Valentia, kisha mpande mlima Geokaun kwa gari. Kilele ni mita 266 tu, na siku angavu visiwa vya Skellig vinaonekana kutoka kule juu.

Chakula halali kitapatikana? (Msomaji, Mombasa)

Samaki wapo. Nyama ibebe kutoka mjini, na ukodi nyumba yenye jiko.

Agosti kuna joto? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa Mtanzania, hakuna. Chukua sweta na koti la mvua lenye kofia. Mwavuli uache, upepo wa Atlantiki utaupindua kabla hujavuka barabara.