Ulimi msiuonee

Kabla ya yote: wiki hii nimeletewa tena swali la "Mwalimu, mtoto wangu hasemi, nifanyeje?" na umri haukutajwa. Asiyesema ana miezi minane na asiyesema ana miaka minne, hao ni watu wawili. Andikeni umri. Huyu angalau kaandika.

*Mwalimu shikamoo. Mwanangu ana miaka miwili na nusu, maneno yake ni "mama" na "maji" tu. Mama mkwe anataka akatwe udata (ule utando wa chini ya ulimi), jirani anasema na kimeo pia. – Makorora*

Marahaba. Kimeo kiacheni palepale. Hakimfundishi mtu maneno, na wembe wa uani huleta kutokwa damu na pepopunda. Udata unaweza kumharibia mtoto sauti kama l na r, lakini maneno angekuwa nayo, angeyasema vibaya tu. Maneno yenyewe yanapokosekana, anza na masikio. Ukimwita kwa nyuma anageuka? Aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, au manjano makali alipozaliwa? Mpeleke hospitali apimwe usikivu. Na hiyo simu unayompa ashike ili upike, haimjibu akiuliza kitu.

*Nyumbani tunasema Kibondei, mtaani Kiswahili, chekechea wanataka Kiingereza. Tuache Kibondei asichanganyikiwe? – Muheza*

Msiache. Mtoto anabeba lugha mbili tatu bila kuelemewa, na akizichanganya ni jambo la kawaida, hasa ninyi wakubwa mnapozichanganya mbele yake. Ninayemhurumia ni yule anayelelewa kwa Kiingereza cha kuungaunga ambacho hata mama yake hawezi kukitolea hadithi.

*Baba alianguka bafuni mwezi uliopita. Mkono wa kulia umelegea na neno lake ni moja, "basi". Juzi jirani walipiga taarab ya zamani harusini, akaimba beti nzima! Ndugu wanasema ana jini, shangazi anasema anajifanya. – Ngamiani*

Shangazi amwombe radhi kaka yake. Mkono wa kulia unaendeshwa na ubongo wa kushoto, na kwa watu wengi lugha nayo imepiga kambi upande huohuo. Kiharusi kimoja kimepiga vyote viwili.

Mwaka 1861, karibu na Paris, daktari Paul Broca alipelekewa mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alibaki na silabi moja, "tan", hata hospitalini wakamwita hivyo. Aliyoambiwa aliyaelewa mengi. Alipofariki, Broca alikuta ubongo wake umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa namna nyingine: maneno yanawatoka kama mvua ya masika, maana hakuna, na wenyewe hawaelewi vizuri wanachoambiwa. Hao wameumia nyuma zaidi, maeneo ya juu ya sikio la kushoto. Ndio mnaowapeleka kupungwa pepo.

Wimbo je? Tuni hutegemea sana upande wa kulia, ambao kwa baba yako umesalimika. Maneno yaliyozoeleka nayo hutoka kirahisi zaidi: wengi wa hali yake huweza kuhesabu, kuomba dua, hata kutukana, ilhali kuomba chai hawawezi. Itumieni nafasi hiyo: "nataka maji" aiimbe taratibu huku akipigapiga paja kwa mkono wa kushoto. Msimpigie kelele, si kiziwi. Muulizeni maswali ya kujibu kwa kichwa, na akitafuta neno msubirini.

Hukusema alifikishwa hospitali baada ya muda gani, na ndipo penye shida yenu. Mdomo ukienda upande, mkono ukalegea, maneno yakakwama, saa imeanza kuhesabu. Kama ni damu iliyoganda, dawa ya kuiyeyusha hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya kichwa. Mganga hana picha hiyo. Na msimnyweshe chochote njiani, hata kombe (maji ya maandishi ya dua). Koo likiwa limelegea, maji yanaingia mapafuni.

*Mtoto anaandika kwa kushoto. Nimlazimishe kulia ili lugha ikae sawa? – Pongwe*

Usimguse. Hata kwa wa mkono wa kushoto, kama asilimia 70 lugha yao iko ubongo wa kushoto vilevile.

*Nikisema haraka "katibu kata wa kata ya Mkata alikataa katakata" ulimi unagoma. Ni ugonjwa? – Chumbageni*

Hapana. Ubongo hupanga sauti zijazo mdomo ukiwa bado kwenye zilizotangulia, na hizo *ka* na *ta* zinafanana mno, zinapigana vikumbo. Hata wa Mkata wenyewe, kule Handeni, wanakwama. Nimewajaribu.