Unaigiza na unataka kuhamia kwenye skripti? Anza na hakimiliki

Watu wakisikia Michaela Coel, muigizaji na mwandishi wa Uingereza, alikataa dola milioni 1 za Netflix wanasema yule dada ana jeuri, au eti alishakuwa na hela zake. Hapana jamani. Ilikuwa 2017, jina lake lilikuwa bado halijawa kubwa kihivyo, sirizi aliyokuwa ameandika ni moja tu ya vichekesho iliyopita E4, chaneli ya TV ya Uingereza, na alichoomba kilikuwa kidogo mno, abaki na asilimia 5 ya hakimiliki ya stori aliyoitunga mwenyewe. Wakagoma. Akashuka, akashuka tena mpaka nusu asilimia, bado hawakumkubalia, akaaga. Maajenti wake wa Marekani wakawa wanamsukuma asaini, akaachana nao pia. Stori akaipeleka BBC, wakamwachia haki zake, na 2020 ikatoka I May Destroy You, vipindi 12, vyote kaandika yeye, kaigiza yeye, na udairekta kagawana na Sam Miller. 2021 akabeba Emmy, tuzo kubwa ya TV ya Marekani, ya uandishi wa sirizi fupi, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata hiyo.

Mi naigiza huku London, siku hizi naandika zaidi ya kuigiza, na mdogo wangu yeyote anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanzie hapo kwenye hakimiliki kwanza, mambo ya kipaji tutaongea baadae. Muigizaji amezoea kuuza siku zake, unapigiwa simu, unaenda seti, unalipwa, unarudi nyumbani, basi. Mwandishi anauza kitu ambacho kinaweza kuendelea kuzaa pesa yeye amelala, sasa ukikiuza kwa mazoea yale ya seti umekwisha.

Njia yenyewe wala sio siri. Coel kazaliwa 1987, wazazi wake Waghana, kakulia mashariki ya London jirani kabisa na mabenki ya City, alianza na mashairi, akaingia chuo cha Guildhall kusomea uigizaji akamaliza 2012, na mwaka huohuo akapandisha Chewing Gum Dreams pale The Yard, ukumbi mdogo tu Hackney Wick, yuko peke yake steji nzima na wahusika wote anawaigiza yeye. 2014 National Theatre, ukumbi mkubwa wa taifa, wakaichukua, 2015 ikawa ile sirizi ya E4, 2016 akapata BAFTA mbili, tuzo za TV za Uingereza. Phoebe Waller-Bridge hivohivo, kasoma RADA, chuo cha uigizaji London, kazi za kuigiza zikawa za kubahatisha, Fleabag ikaanza kama kipande cha dakika 10, 2013 ikaenda tamasha la Edinburgh, 2016 iko BBC. Emma Thompson ndo wa zamani zaidi, ye kipindi chake cha vichekesho cha 1988 wakosoaji walikiponda vibaya, lakini prodyuza Lindsay Doran aliona vile vipande akampa kazi ya kuandika skripti kutoka riwaya ya Jane Austen, na 1996 akachukua Oscar ya uandishi wakati ya uigizaji anayo tayari, mpaka leo hakuna mwingine mwenye zote mbili.

Mnaona wawili wa kwanza walivyoanza? Mtu mmoja, steji, kiti. Hamna anayempa mtu asiyejulikana hela ya waigizaji kumi na lokesheni, ila ukumbi mdogo wa jioni moja unapatikana, alafu unapata kitu ambacho skripti iliyolala kwenye laptop haikupi, unasikia watu wamecheka wapi na wameanza kukohoa wapi.

Na muigizaji ana faida nyingine ambayo wengi hawaitumii. Mi nimecheza manesi na wamama wakimbizi mpaka nikachoka, mistari miwili unaondoka, lakini zile kazi zimenifundisha mstari upi hautamkiki. Sasa nikiandika naita rafiki zangu waigizaji nyumbani, nawapikia chai na mandazi, nawapa kurasa wasome bila maandalizi na mi nakaa na kalamu naangalia mdomo. Neno analoliruka msomaji bila mwenyewe kujua, nampa arudie, akiliruka tena nalikata palepale hata kama nilikuwa nalipenda kufa. Coel alisema I May Destroy You ilifika rasimu ya 191, kwaiyo usinitumie rasimu ya kwanza ukaniambia imekamilika.

Turudi kwenye mkataba maana hapo ndo watu wanaliwa. Kuna kampuni ndogo ilipenda kazi yangu ya steji ikaniletea karatasi, na ndani kipengele kimoja kinasema nawapa haki zote, ulimwengu mzima, milele, kwa teknolojia zote zilizopo na ambazo hazijavumbuliwa bado. Yani hata binadamu wakihamia Mars stori ni yao. Sikubishana, nikaupeleka WGGB, chama cha waandishi wa skripti huku, wanamsomea mwanachama wao mkataba na kumwambia wapi panauma. Tukaishia kwenye opsheni, maana yake prodyuza anakulipa kiasi ashikilie stori yako mwaka au mwaka na nusu akitafuta hela ya kuitengeneza, akishindwa inarudi kwako. Uliza pia unalipwa kwa hatua zipi, wakikutoa kazini jina lako linabaki ama halibaki, na ikirushwa tena unapata nini. Alafu mtu akikwambia umlipe akusajilie hakimiliki serikalini, mkimbie, Uingereza hakuna rejista ya hivo, haki ni yako tangu ulipoandika na inadumu miaka 70 baada ya kufa kwako.

Sisemi ukatae milioni. Mi mwenyewe wakiniletea kesho na hii kodi ya nyumba ya London sijui, tusidanganyane. Ila swali la asilimia liulize, kuuliza hakukufukuzishi, na jibu watakalokupa litakuonyesha unafanya kazi na nani.

Ukishakuwa na kitu cha kusomeka, BBC Writers, kitengo cha BBC cha waandishi, hufungua dirisha la kupokea skripti za watu wasio na ajenti, fuatilia tarehe zao. Mchujo wa kwanza wanasoma kurasa 10 za mwanzo tu, kwaiyo yule mhusika wako mtamu anayeingia ukurasa wa 14 mlete ukurasa wa 2.