Luger ya kale: usiishie kwenye namba

Ukiulizia bastola ya Luger P08 kwenye maonyesho ya silaha huku Marekani, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba "namba zote zinalingana". Mimi huuliza: tangu lini?

Jeshi la Ujerumani liliichukua bastola hii mwaka 1908, na viwanda vikawa vikigonga namba kila mahali. Fremu na mtutu vilipewa namba kamili. Vipande vidogo, kama kifyatulio, kibamba cha ubavuni na kiwiko kinachojikunja juu, vilipata tarakimu mbili za mwisho tu. Ujanja unapitia hapo hapo. Meza za vipuri zimejaa masanduku ya vyuma vilivyotolewa kwenye bastola nyingine, na mwenye subira, akihitaji tuseme 47, hakosi kibamba chenye 47. Asiye na subira hufuta namba ya zamani kwa tupa na kugonga mpya.

Kabla ya yote chomoa magazini, fungua chemba, hakikisha hakuna risasi. Kisha lenzi, na tochi ya simu uilaze ubavuni, mwanga upite juu ya chuma. Palipopigwa tupa pana kibonde. Mwanga unazama kidogo kuzunguka tarakimu, na mikwaruzo ya tupa inaelekea upande tofauti na ile ya kiwandani. Kama kingo za tarakimu zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika, bastola imesuguliwa na kupakwa rangi upya, na hapo thamani imeshashuka, hata namba zikilingana.

Rangi nayo inasema mengi, pengine kuliko namba. Kwa miaka mingi kifyatulio, kitasa cha usalama na vipande vingine vidogo viliachwa na rangi ya njano ya majani makavu, inayotokana na kuchomwa kwa joto. Mwaka 1937 kiwanda cha Mauser kilibadilisha utaratibu, vikawa vya buluu-nyeusi kama bastola nzima. Kwa hiyo Luger ya 1940 yenye kifyatulio cha njano ina maswali, na ya 1917 yenye kifyatulio cheusi pia. Njano ya kweli hufifia na kuwa kijivu pale kidole kilipopita. Ikimetameta kama pete mpya, kuna fundi aliyeipitia.

Luger za kiwanda cha Erfurt zina faida yake: waligonga alama ya taji na herufi karibu kwenye kila kipande, hata kile kidogo kabisa. Ukiona kipande kisicho na alama hiyo ndani ya Luger ya Erfurt, tarakimu mbili zikilingana zisikutulize.

Angalia pia kistari kilichopigwa pale mtutu unapokutana na sehemu inayoushika. Nusu mbili za kistari zisipokutana, mtutu umewahi kufunguliwa. Mishikio ya mbao uifungue kwa bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu, kwa ruhusa ya mwenyewe, uone tarakimu kwa ndani. Na kwenye magazini usisahau herufi: namba za jeshi zilifika 10000 kisha zikaanza tena na herufi a, b na kuendelea, hivyo 4521 bila herufi inaweza kuwa ya bastola nyingine kabisa.

Ukikuta alama ya X iliyogongwa ubavuni, bastola hiyo mara nyingi ilitekwa na Wasovieti. Walizifungua, wakazipaka rangi na kuziunganisha bila kujali namba. Muuzaji akidai bei ya ile ambayo haijaguswa, mrudishie tu kwa heshima.

Si kwamba yenye vipande mchanganyiko haifai. Ni ya bei rahisi, na unaipeleka kiwanja cha shabaha bila wasiwasi. Ile yangu ya namba kamili nimeitoa pini ya kufyatulia, nikaifunga kwenye kimfuko chenye mafuta. Ninapopiga shabaha natumia pini mpya, maana ya asili ikivunjika hutapata nyingine yenye namba ile na alama zile zile.