Kwa nini bado nanunua Savage Dragon

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Juzi kwenye simu uliniuliza, "Baba, yule askari wako wa kijani alikufa tangu 2017. Mbona bado unanunua katuni zake?" Nikakujibu juujuu kwa sababu ulikuwa unawahi kazini. Nimelala na swali lako siku mbili, sasa ngoja nikujibu sawasawa.

Huyo askari, Savage Dragon, nilianza kumsoma 1994, mwaka wangu wa kwanza Chicago. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye dobi la hoteli, na asubuhi nikisubiri treni naingia duka moja la katuni kukwepa baridi. Jalada ndilo lililonikamata: pande la mtu la kijani, lina pezi kichwani, ni polisi, tena polisi wa Chicago hiyohiyo niliyokuwa nikiikanyaga. Hadithi yake inaanza akiokotwa kwenye kiwanja kinachowaka moto, hajui katoka wapi wala yeye ni nani. Mimi kwetu nilikuwa napajua, Tanga, na jina nilikuwa nalo, ingawa hakuna aliyeweza kulitamka. Nikampenda siku hiyohiyo.

Lakini wapo mashujaa wengi wa kupendwa. Kilichonifanya nibaki naye ni kwamba anazeeka. Mchukue Spider-Man: alitoka 1962 akiwa mwanafunzi wa sekondari, na baada ya miongo yote hiyo bado ni kijana. Alioa 1987, tukafurahi, halafu 2007 kampuni inayommiliki ikaifuta ile ndoa kwa hadithi ya mapatano na shetani, ikawa kama hatukuhudhuria harusi. Nilikasirika, na hasira ile sijaimaliza. Msomaji amekaa na watu hao miaka 20, unamwambiaje kwamba hayakutokea?

Erik Larsen, mtunzi wa Dragon, mwenyewe aliwahi kumchora Spider-Man, kwa hiyo anajua kufanya kazi katika shamba la mwenzio. Mwaka 1992 yeye na wachoraji wenzake sita walianzisha Image Comics ili kila mmoja amiliki alichokibuni. Dragon alikuwa wake tangu utotoni, na mpaka leo anamwandika na kumchora mwenyewe. Rangi na herufi ndiyo kazi ya wengine. Ukipita mwaka kwetu, unapita na kwa watu wa katuni yake. Anayekufa anazikwa, watoto wanakua.

Ndipo anapoingia Malcolm. Huyu ni mtoto wa Dragon, na tulimwona mchanga miaka ileile ya 1990 ulipokuwa mchanga wewe. Ulipoanza kuota meno, mwenzio alikuwa wa kubebwa. Ulipoanza kufunga mlango wa chumba chako na kunijibu kwa mkato, naye alikuwa anahangaika na ujana wake. Nilikuwa namaliza kusoma toleo, nakuja kukutazama umelala. Hili sikuwahi kukwambia.

Toleo la 225 ndilo alilokufa baba yake. Nililisoma jikoni, wewe ulishahama. Nikakumbuka babu yako alivyozikwa Tanga mimi nikiwa huku, sina nauli, nimeshika simu. Nililia, mwanangu, na mama yako akadhani nimepokea habari mbaya kutoka nyumbani.

Kwa hiyo nanunua kwa sababu Malcolm yupo. Alishika nafasi ya mbele kabla mzee hajafa, na hakugeuzwa nakala yake. Amemwoa Maxine, wana watoto wao, wamehama Chicago wakaenda Toronto. Dragon alikuwa askari kwanza. Malcolm ni baba wa watoto kwanza, halafu ndiyo ngumi. Nataka kuona watoto wale watakuwa nani.

Sikufichi kasoro zake. Miaka hii ya karibuni Larsen ameyaanika mno mambo ya chumbani, na mimi kurasa hizo nazipita. Matoleo nayo yanachelewa. La 250 lilitoka 2020, na tangu hapo nimezoea kwenda dukani nikarudi mikono mitupu. Hata hivyo sijaona mtu mwingine Marekani aliyebeba familia moja ya katuni kwa mkono wake muda mrefu hivi bila kurudisha saa nyuma.

Uliuliza pia kama mjukuu wangu anaweza kuanza kusoma. Haya mapya hapana kabisa, na hata yale ya zamani yana damu nyingi, asubiri akue. Yapo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nimeyapanga kwa namba. Toleo la 137 nina nakala mbili, la 2008, lile lenye jalada la Dragon akimpigia debe Obama. Moja nilikuwekea wewe. Ukija Desemba ulichukue.

Baba yako