Mwongozo wa Moodle umezeeka, nifanyeje?

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu Moodle, programu huria ya kufundishia iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002, na miongozo ya kuiandikia plagini, yaani vipande vya programu vinavyoiongezea kazi.

*Yaya, mwongozo unasema niende kwenye tawi la master, kompyuta inajibu kwamba tawi hilo halipo. Nimeshusha upya mara tatu, mega za wiki nzima zimekwisha. Nimekosea wapi?* Mwanafunzi, Katuba

Pole sana, mdogo wangu. Hukukosea popote. Tawi hilo, yaani mkondo mmoja wa msimbo wa Moodle, lilibadilishwa jina, siku hizi linaitwa main, na aliyeandika mwongozo hakurudi kuusahihisha. Kwa anayejifunza, mimi ningechukua MOODLE_405_STABLE, yaani toleo la 4.5 la Oktoba 2024, ambalo litaendelea kuzibwa matundu ya usalama hadi Oktoba 2027. Kwenye git clone, amri ya kushusha msimbo, ongeza --depth 1, nayo itakuletea msimbo ulivyo leo, bila historia yake yote. Utaokoa mega nyingi. Jambo hili linaniuma kweli: neno moja lililochakaa, na anayelilipia ni kijana anayenunua mega kidogo kidogo.

*Nimewaandikia wanafunzi wangu miongozo sita kwa Kiswahili. Niipitie mara ngapi, na nitajuaje kwamba imepitwa na wakati?* Mwalimu wa informatiki, Kamalondo

Mwalimu, Moodle hutoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Ifanye hiyo kalenda yako. Ila kuusoma tu mwongozo hakutoshi, maana jicho huruka linachokijua. Weka Moodle mpya, tupu, kisha ufuate maandishi yako hatua kwa hatua, ukinakili kila amri ilivyo, bila kuongeza kitu kutoka kichwani. Mimi huweka daftari kando ya kompyuta: hatua niliyofika na kilichotokea. Umeme ukikatika katikati, kama tunavyoujua hapa Lubumbashi, daftari linabaki.

Kabla ya kuanza, washa ujumbe wa hitilafu katika kiwango cha waendelezaji, la sivyo utadanganyika. Zamani, ili kuweka kitu chini ya ukurasa, tuliandika katika faili ya plagini iitwayo lib.php fanksheni inayoishia na before_footer. Tangu toleo la 4.4 kazi hiyo imehamia kwenye utaratibu mpya unaosajiliwa katika faili ya db/hooks.php. Njia ya zamani bado inaitikia na ukurasa unaonekana mzima. Ni ujumbe ule wa hitilafu tu utakaokuambia kwamba unawafundisha watoto kitu kinachoondolewa.

Angalia na PHP, lugha ambayo Moodle imeandikwa kwayo: Moodle 4.5 inataka 8.1 kwenda juu, 5.0 inataka 8.2. Tangu 5.1, seva ya wavuti huelekezwa kwenye folda ya public, kwa hiyo sura yako ya kuweka Moodle huenda ikahitaji kuandikwa upya.

*Mwongozo wa zamani niufute?* Msomaji, Ruashi

Usiufute. Kuna shule ambazo seva zao bado ziko kwenye toleo la zamani. Juu kabisa, kabla ya hatua ya kwanza, andika toleo la Moodle, toleo la PHP, siku uliyoujaribu mara ya mwisho, na kiungo cha mwongozo mpya.

*Mimi si mtu wa programu, ninajifunza jioni baada ya soko. Naweza kusaidia chochote?* Mama, komini ya Kenya, Lubumbashi

Tena sana, mama. Wewe unaliona shimo ambalo mwandishi amelizoea hata halioni tena. Ukikwama, usiishie kusema "imekataa". Taja toleo, hatua uliyokwama, na maneno yote ya kosa yalivyo, hata yakiwa ya Kiingereza. Nyaraka za waendelezaji ziko moodledev.io, na mwenye akaunti ya GitHub, tovuti ambako msimbo na nyaraka huhifadhiwa, anaweza kupendekeza masahihisho hapohapo, hata ya neno moja. Kama hatua ya kwanza ni ngumu, niandikie ulipofika, tutaanzia hapo.