Mkaa wa vifuu kwa superkapasita: usikimbilie namba kubwa

Mdogo wangu, umeuliza eti kwenye superkapasita (kifaa kinachotunza umeme na kuutoa haraka) mkaa wa vifuu ukiwa na eneo kubwa la uso ndo utatunza umeme mwingi zaidi, na kama huohuo unaweza kubeba haidrojeni. Si lazima. Ukiuchoma na KOH (hidroksidi ya potasiamu, alkali kali) kwenye nyuzi joto 700 mpaka 800, ndani ya naitrojeni, unaweza kuvuka mita za mraba 2000 kwa gramu moja, lakini vitundu vya mkaa vikiwa vyembamba kuliko ayoni za elektrolaiti (chembe zenye chaji kwenye kimiminika cha superkapasita), ayoni hizo haziingii, sasa eneo lote hilo la nini? Upana wa vitundu kwanza aisee. Haidrojeni iache, kwa joto la Dar mkaa unaishika kidogo sana, zile asilimia nzuri za haidrojeni unazosoma zinapimwa kwenye nyuzi -196.

Vifuu kachukue kwa wauza nazi Kariakoo, vya nazi iliyokomaa sio dafu, kwangua makumbi yote, na ukishachoma ukapoa kabisa osha kwa asidi hafifu halafu maji safi ya maabara mpaka pH ifike 7, maana potasiamu ikibaki inaziba vitundu na vipimo vitakudanganya. Glavu na miwani vaa tafadhali, KOH inaunguza macho vibaya sana.