AG 100 ya marehemu baba: usipige kiki bado

Ndugu, nimekuelewa: pikipiki Yamaha AG 100 ya marehemu baba imekaa depo (stoo), Kadutu, hapa Bukavu, miaka mingi, nawe unataka kuifufua mwenyewe. Toa bujia (plagi ya cheche), tia oili kidogo kwenye silinda, iache usiku kucha, kisha weka gia ya juu na uzungushe gurudumu la nyuma taratibu. Likigoma, mwachie fundi.

Mwaga esanse (petroli) yote ya zamani. Ile iliyoganda kwenye kabireta ndiyo huziba jeti, kile kitundu chembamba cha kupitisha esanse. Zibua kwa uzi mwembamba wa shaba, kamwe si sindano, maana tundu likipanuka injini haitatulia tena. Na kwa kuwa injini ni ya mipigo miwili, yaani huchoma oili pamoja na esanse, hakikisha pampu ya oili inasukuma kweli, la sivyo pistoni itakwama. Matairi yenye nyufa usiyahurumie. Breki nazo zipimwe na fundi kabla hujateremka milima ya Bukavu. Karte roze je, ile karatasi ya usajili wa pikipiki, unayo?